Uvurugaji wa athari na uchambuzi wa matabaka katika tafiti za afya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni kwa wanafunzi wa afya ya jamii, maafisa wa wilaya wanaochambua takwimu zao wenyewe, na kila mtafiti anayekusanya madodoso Unguja na Pemba. Namba za mfano wa chandarua ni za kufundishia tu. Zimechaguliwa ili hesabu ziwe nyepesi. Zisinukuliwe popote kama matokeo ya utafiti.

Uvurugaji wa athari ni nini?

Ni hali ya athari ya jambo moja kuchanganyika na athari ya jambo jingine, hata usijue lipi limefanya nini. Chukua wanywaji wa kahawa ya barazani. Ukilinganisha wanaume wanaokunywa vikombe vingi kila jioni na wale wasiokunywa kabisa, huenda ukakuta maradhi ya moyo ni mengi zaidi kwa wanywaji. Lakini ikiwa wanywaji wengi ni wavutaji sigara pia, na sigara inajulikana kuharibu mishipa ya moyo, basi uhusiano ulioupata upo ndani ya takwimu, ila kuutwika kahawa ndiyo kosa. Hapa kahawa ni kihatarishi kinachochunguzwa, maradhi ya moyo ni tokeo, na sigara ni kivurugaji.

Uvurugaji hautokani na uchache wa sampuli. Ukiongeza watu kutoka 500 hadi 50,000, hautapungua hata chembe. Utapata jibu lile lile potofu likiwa na masafa membamba ya uhakika (mipaka ya chini na juu ambamo jibu la kweli linakisiwa kuwamo), na hapo ndipo linapozidi kuwa hatari, kwa sababu sasa kila mtu ataliamini.

Kitu kiwe na sifa gani ndipo kiitwe kivurugaji?

Masharti ni matatu, na yote lazima yatimie. Kwanza, kiwe kinahusiana na tokeo hata kwa watu wasio na kihatarishi: wasiokunywa kahawa lakini wanavuta sigara wawe na maradhi ya moyo zaidi ya wasiovuta. Pili, kiwe kinahusiana na kihatarishi katika jamii ile iliyotoa washiriki. Tatu, kisiwe kimesababishwa na kihatarishi chenyewe, wala kisiwe kituo katikati ya njia ya kutoka kwenye kihatarishi kwenda kwenye tokeo.

Masharti mawili ya mwanzo unaweza kuyaangalia kwenye takwimu. La tatu huwezi. Hilo linatoka kwenye ujuzi wako wa maradhi na wa watu unaowachunguza, na ndilo linalovunjwa zaidi.

Naomba mfano wenye namba, tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuseme tumefuatilia watu 1,000 kwa muda wa masika, nusu yao wanalala ndani ya chandarua na nusu hawalali. Mwisho wa msimu tunahesabu walioonekana na vimelea vya malaria.

Wenye chandarua: 42 kati ya 500, yaani 8.4%.
Wasio na chandarua: 36 kati ya 500, yaani 7.2%.

Uwiano wa hatari ni 8.4 kugawanya kwa 7.2, yaani 1.17. Kwa jedwali hili, chandarua kinaonekana kuongeza malaria kwa 17%. Mtu wa haraka angeandika ripoti hapo hapo.

Sasa tuwagawe watu hao katika makundi, yaani matabaka, kwa mahali wanapokaa: wanaokaa kando ya mabonde ya mpunga, ambako maji husimama na mbu huzaliana, na wanaokaa mbali na mabonde.

Kando ya bonde: wenye chandarua, 40 kati ya 400 (10%), wasio nacho, 20 kati ya 100 (20%). Uwiano ni 0.5.
Mbali na bonde: wenye chandarua, 2 kati ya 100 (2%); wasio nacho, 16 kati ya 400 (4%). Uwiano ni 0.5.

Katika kila tabaka chandarua kimepunguza hatari kwa nusu. Ukijumlisha matabaka, kinga inageuka madhara. Sababu ni kwamba wanaosumbuliwa na mbu ndio wanaojali kutundika chandarua: 80% ya wakazi wa kando ya bonde wanakitumia, dhidi ya 20% ya wa mbali. Kwa hiyo kundi la wenye chandarua limejaa watu wa bondeni, ambao hatari yao ilikuwa kubwa tangu awali.

Pitisha masharti yetu matatu. Kwa wasio na chandarua, hatari ni 20% bondeni na 4% mbali, kwa hiyo mahali panahusiana na tokeo. Matumizi ya chandarua ni 80% kwa 20%, kwa hiyo mahali panahusiana na kihatarishi (hapa ni chandarua, ingawa kinakinga). Na chandarua hakihamishi nyumba ya mtu. Yote yametimia.

Udny Yule alikwishaeleza mgeuko wa aina hii mwaka 1903, na Edward Simpson akauandikia makala mwaka 1951. Leo unajulikana zaidi kwa jina la Simpson. Uvurugaji mwingi hauwi wa kugeuza mwelekeo hivi. Aghalabu unakuza athari au kuipunguza tu, na kwa hivyo unapita bila mtu kushtuka.

Angalizo moja: kiwango cha malaria kwenye mfano huu kimepandishwa makusudi. Zanzibar halisi imekaa chini ya 1% kwa miaka mingi, tangu dawa mseto, vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa majumbani vilipoenezwa katika muongo wa 2000. Hali hiyo ina matatizo yake ya kiuchambuzi, tutayagusa mbele.

Nikishapata uwiano wa kila tabaka, naupataje mmoja wa jumla?

Usichukue wastani wa kawaida. Tabaka lenye watu 30 halistahili sauti sawa na lenye watu 900. Njia iliyozoeleka ni ya Nathan Mantel na William Haenszel, waliyoichapisha mwaka 1959. Kwa uwiano wa hatari, fanya hivi katika kila tabaka:

1. Chukua wagonjwa wenye kihatarishi, zidisha kwa jumla ya wasio na kihatarishi, gawanya kwa watu wote wa tabaka.
2. Chukua wagonjwa wasio na kihatarishi, zidisha kwa jumla ya wenye kihatarishi, gawanya kwa watu wote wa tabaka.
3. Jumlisha majibu ya hatua ya 1 ya matabaka yote. Jumlisha ya hatua ya 2. Kisha gawanya jumla ya kwanza kwa ya pili.

Kwa mfano wetu, bondeni: 40 × 100 ÷ 500 = 8, na 20 × 400 ÷ 500 = 16. Mbali: 2 × 400 ÷ 500 = 1.6, na 16 × 100 ÷ 500 = 3.2. Juu tunapata 9.6, chini 19.2, na jibu ni 0.5. Masafa ya uhakika ya 95%, kwa kanuni ya Greenland na Robins, ni 0.31 hadi 0.80.

Fanya hesabu hii kwa mkono angalau mara moja, kwa karatasi na kikokotoo. Anayeijua kwa mkono hadanganywi na kompyuta iliyosoma safu kinyume.

Na kipimo cha kitakwimu cha Mantel na Haenszel?

Kinalinganisha wagonjwa wenye kihatarishi waliopatikana na ambao wangetarajiwa kama kihatarishi hakina athari. Bondeni walitarajiwa 400 × 60 ÷ 500 = 48, mbali 100 × 18 ÷ 500 = 3.6, jumla 51.6. Waliopatikana ni 42. Tofauti ni 9.6. Ukiipandisha kipeo cha pili na kuigawa kwa jumla ya variansi (kiasi cha mtawanyiko wa bahati) za matabaka, ambayo hapa ni 11.25, unapata kai-mraba (kipimo cha umbali kati ya kilichopatikana na kilichotarajiwa) ya 8.19 kwa digrii huru moja. Ukitoa 0.5 kwenye tofauti kabla ya kuipandisha, unapata 7.36. Namba zote mbili ni halali, mradi useme umetumia ipi.

Mbona uwiano wa odi kwenye mfano huo huo si 0.5?

Odi ni wagonjwa kugawanya kwa wasio wagonjwa, si kwa watu wote. Bondeni uwiano wa odi ni 0.44, mbali ni 0.49, na wa pamoja kwa Mantel-Haenszel ni 0.45. Tokeo likiwa adimu, uwiano wa odi na wa hatari hukaribiana. Likiwa la kawaida, hutengana, na wa odi daima husimama mbali zaidi na 1.

Kuna jambo la pili linalowatatiza hata wazoefu. Uwiano wa odi unaweza kubadilika baada ya kugawa matabaka hata pasipo uvurugaji wowote, kwa tabia ya hesabu yake tu. Uwiano wa hatari na tofauti ya hatari havina tabia hiyo. Kwa hiyo katika utafiti wa ufuatiliaji, au utafiti wa mara moja ambao tokeo lake limeenea (minyoo kwa watoto wa skuli, kwa mfano), tumia uwiano wa hatari au wa kiwango cha maambukizi. Uwiano wa odi uachie tafiti za wagonjwa na walinganishi (zinazoanza na wagonjwa na wasio wagonjwa, kisha kuuliza nani alikuwa na kihatarishi), ambako huna njia nyingine.

Nitajuaje kama nilichokutana nacho ni uvurugaji, au athari yenyewe inatofautiana kati ya matabaka?

Weka namba tatu mbele yako: uwiano ghafi (wa watu wote kabla ya kuwagawa), uwiano wa kila tabaka, na uwiano wa pamoja uliorekebishwa.

Matabaka yakikaribiana yenyewe kwa yenyewe lakini yote yakawa mbali na uwiano ghafi, huo ni uvurugaji. Toa uwiano wa pamoja. Matabaka yakiachana sana, athari inabadilika kwa kufuata tabaka. Hapo usitoe namba moja. Toa ya kila tabaka, kwa sababu wastani wake hautamhusu mtu yeyote. Hali zote mbili zinaweza kutokea pamoja.

Tofauti hii si ya darasani tu, na Pemba ina ushahidi wake. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika Pemba, ambapo watoto wa miezi 1 hadi 35 waligawiwa kwa nasibu kupewa madini ya chuma na asidi ya foliki, au kutopewa. Kwa jumla, waliopewa walikuwa na hatari ya kulazwa au kufariki iliyozidi kwa 12%, na sehemu hiyo ya jaribio ikasimamishwa. Lakini katika utafiti mdogo wa ndani yake, uliopima damu za watoto mwanzoni, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika kwa kupewa chuma. Hapo hapakuwa na uvurugaji wa kurekebisha, maana ugawaji ulikuwa wa nasibu. Athari yenyewe ndiyo iliyotofautiana kwa hali ya mtoto. Namba moja ya jumla ingetosha kusema "acheni", na ingewanyima watoto wenye upungufu dawa waliyoihitaji. Jaribio hilo lilichangia Shirika la Afya Duniani kubadilisha ushauri wake kuhusu kuwapa watoto chuma katika maeneo ya malaria.

Kuna vipimo vya kukagua kama matabaka yanatofautiana kweli, kama kile cha Breslow na Day cha mwaka 1980. Vina nguvu ndogo sana sampuli ikiwa ndogo, kwa hiyo thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu) ya 0.3 haithibitishi kwamba matabaka yanafanana. Tazama namba zenyewe na masafa yake. Na kumbuka kwamba jibu linategemea kipimo: katika mfano wetu uwiano ni 0.5 pande zote, lakini tofauti ya hatari ni pointi 10 bondeni na pointi 2 mbali. Mwenye vyandarua vichache vya kugawa anahitaji namba ya pili zaidi kuliko ya kwanza.

Je, naweza kumtambua kivurugaji kwa thamani ya p?

Hapana. Tabia ya kupima kila kigeu (kila jambo lililopimwa, kama umri au jinsia) dhidi ya tokeo, kisha kubakisha vyenye p chini ya 0.05, inatupa vivurugaji halisi na kuingiza visivyohusika. Uvurugaji ni suala la ukubwa wa mabadiliko, si la bahati. Wengi hutumia kanuni ya 10%: uwiano uliorekebishwa ukitofautiana na ghafi kwa zaidi ya 10%, kigeu kibaki. Ni kanuni ya kusaidia tu, tena kwa vigeu ambavyo tayari una sababu ya kuvishuku.

Msimamo wetu ni huu: orodha ya vivurugaji iandikwe kabla dodoso halijachapishwa. Chora mishale kwenye karatasi, nini kinasababisha nini, na umwoneshe mtu anayezijua shehia zile. Sheha atakuambia kwamba wanaofua mtoni ni wale wasio na mfereji, na kwamba wasio na mfereji ndio wale wale wasio na choo. Kisichoulizwa kwenye dodoso hakirekebishiki baadaye.

Kuna vitu ambavyo sitakiwi kuvirekebisha?

Ndiyo, na kosa hili ni zito kama kuacha kivurugaji.

Cha kwanza ni kituo cha njiani. Unachunguza kama minyoo ya safura huleta upungufu wa damu kwa watoto wa skuli. Minyoo hiyo hunyonya damu, chuma kinapotea mwilini, na mtoto anakosa damu. Ukigawa matabaka kwa kiwango cha chuma, unafunga njia ile ile ambayo minyoo hupitia kufanya madhara, na utatangaza kwamba minyoo haina athari kubwa.

Cha pili ni tokeo la pamoja, yaani kitu kinachosababishwa na pande zote mbili. Joseph Berkson alilieleza mwaka 1946 kwa wagonjwa wa hospitali. Kisukari kinaweza kumlaza mtu, na shinikizo la damu linaweza kumlaza pia. Ukichunguza waliolazwa peke yao, uhusiano kati ya maradhi hayo mawili utapotoka, kwa sababu asiye na hili aghalabu amelazwa kwa lile. Kwa lugha nyingine, umegawa matabaka kwa "kulazwa" na ukabaki na tabaka moja. Hakuna programu itakayolirekebisha hilo baadaye.

Mfano wa karibu zaidi ni tafiti zinazofanyika skulini peke yake. Mtoto aliyeacha skuli, au asiyekuja siku ile kwa sababu anaumwa, hayumo. Matabaka hayamrudishi.

Natumia takwimu za mwezi kutoka DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa za vituo vya afya. Naweza kugawa matabaka?

Kwa makundi yaliyokwisha kutenganishwa kwenye fomu tu, mathalani chini ya miaka 5 na zaidi, wanaume na wanawake, au wilaya kwa wilaya. Jumla za kituo hazikuambii kama yule mgonjwa wa malaria ndiye aliyesafiri Bara. Kwa kazi ya namna hii unahitaji rejista au fomu za mtu mmoja mmoja.

Matabaka yawe mangapi?

Machache kadiri kivurugaji kinavyoruhusu. Hesabu inakua haraka: makundi 4 ya umri × jinsia 2 × Unguja na Pemba × aliyesafiri na asiyesafiri ni matabaka 32. Kwa maradhi yenye kiwango cha 1%, watu 1,000 watakupa wagonjwa 10, na matabaka mengi yatakuwa matupu. Tabaka ambalo halina mgonjwa hata mmoja, au lina wenye kihatarishi watupu, halichangii chochote kwenye uwiano wa Mantel-Haenszel. Watu wake umewahoji bure.

Njia ya Mantel-Haenszel inahimili matabaka membamba vizuri kuliko ile ya Woolf ya mwaka 1955, ambayo hukwama kwenye sifuri na kulazimisha kuongeza 0.5 katika kila kisanduku. Hata hivyo, kabla ya kuanza, hesabu wagonjwa. Ukiwa na chini ya 5 kwa tabaka kwa wastani, punguza makundi au nenda kwenye rigresheni (modeli ya hesabu inayorekebisha vigeu vingi kwa pamoja).

Kwa malaria ya Zanzibar hasa, safari ya Bara ndiyo kigeu ambacho huwezi kukiacha. Uliza tarehe na muda, si "umewahi kusafiri?" peke yake. Swali la "siku 30 zilizopita" linaendana na muda ambao vimelea huchukua kujitokeza.

Umri niugawe vipi?

Kwa kufuata maradhi. Kichocho cha mkojo, ambacho kipo Unguja na Pemba, hushamiri kwa watoto wa umri wa skuli, kwa sababu ya kucheza na kuoga kwenye mito na mabwawa. Ukiweka tabaka moja la miaka 5 hadi 19, mtoto wa miaka 6 na kijana wa miaka 18 wanahesabiwa kuwa sawa, na uvurugaji wa umri unabaki humo humo ndani ya tabaka. Huo ndio uvurugaji wa masalia. Tumia miaka 5–9, 10–14, 15–19, au membamba zaidi sampuli ikiruhusu.

Masalia hutokea pia kigeu kinapopimwa vibaya. "Unavuta sigara? Ndiyo au hapana" huwaweka pamoja mwenye sigara mbili kwa juma na mwenye pakiti kwa siku. Mtafiti ataandika "tumerekebisha sigara" ilhali amerekebisha kivuli chake.

Kwa nini nisiende moja kwa moja kwenye rigresheni?

Utakwenda, mara nyingi. Vigeu vikizidi vitatu au vinne, matabaka hayatoshi. Lakini anza na matabaka. Rigresheni hukadiria hata mahali ambapo hakuna watu: kama bondeni hakuna asiye na chandarua, jedwali la matabaka litakuonesha kisanduku kitupu, ila modeli itakupa namba safi yenye desimali mbili kana kwamba ulinganisho ulifanyika. Matabaka pia yanakuonesha athari inayobadilika, ambayo modeli huificha mpaka uiombe kwa kuingiza zao la vigeu viwili (kihatarishi kuzidisha kwa kigeu cha tabaka).

Jambo jingine: usitafsiri namba ya kila kigeu kilichomo kwenye modeli. Uliirekebisha kwa ajili ya kihatarishi chako kikuu. Namba ya kivurugaji ingehitaji orodha yake yenyewe ya vivurugaji.

Nimeoanisha kila mgonjwa na mlinganishi wa umri na shehia moja. Tatizo limekwisha?

Halijaisha. Katika utafiti wa wagonjwa na walinganishi, kuoanisha peke yake hakuondoi uvurugaji. Kunawafanya walinganishi wafanane na wagonjwa hata kwenye kihatarishi, na uwiano ghafi huvutwa kuelekea 1. Lazima uchambue kwa jozi, kila jozi ikiwa tabaka lake. Kwa mgonjwa mmoja na mlinganishi mmoja hesabu ni fupi: idadi ya jozi ambazo mgonjwa ana kihatarishi na mwenzake hana, kugawanya kwa jozi za kinyume chake. Jozi zinazofanana hazihesabiwi.

Ukioanisha kwa shehia, huwezi tena kuchunguza athari ya shehia. Na usioanishe kwa kitu kinachokwenda sambamba mno na kihatarishi, kama jirani wa kisima kimoja unapochunguza maji ya kisima. Jozi zote zitafanana, na utabaki huna cha kuhesabu.

Msimu nao ni kivurugaji?

Mara nyingi. Ukihoji Micheweni wakati wa masika na Mkoani wakati wa kiangazi, tofauti ya wilaya na tofauti ya mvua hazitenganishiki tena, hata kwa matabaka, kwa sababu kila msimu una wilaya moja tu. Dawa ipo kwenye ratiba: timu mbili kwa wakati mmoja, au kila wilaya itembelewe misimu yote miwili.

Vipi wagonjwa wanaopelekwa rufaa?

Hospitali ya rufaa inaweza kuwa na vifo vingi kuliko ya wilaya bila kuwa na huduma mbaya, kwa sababu inapokea waliozidiwa. Gawa kwa ukali wa maradhi wakati wa kufika: joto, fahamu, kiwango cha damu, saa zilizopita tangu dalili kuanza. Kama hayo hayakuandikwa kwenye faili, ulinganisho huo usifanyike.

Na kivurugaji ambacho sikukipima?

Kisie ukubwa wake. Mwaka 1959 Jerome Cornfield na wenzake walijibu hoja kwamba huenda kitu kingine ndicho kinacholeta saratani ya mapafu kwa wavutaji. Walionesha kwamba kama hatari ya wavutaji ni mara tisa na sigara haina kosa, basi kitu hicho lazima kiwe kimeenea kwa wavutaji angalau mara tisa zaidi ya kwa wasiovuta. Hakuna aliyekileta.

Kutokana na fikra hiyo, VanderWeele na Ding walitoa mwaka 2017 kipimo kiitwacho thamani E. Chukua uwiano wa hatari. Ukiwa chini ya 1, gawanya 1 kwa huo kwanza. Kisha jumlisha uwiano huo na kipeuo cha pili (√) cha uwiano × (uwiano toa 1). Kwa 0.5 yetu: 1 ÷ 0.5 = 2, halafu 2 + √(2 × 1) = 3.41. Maana yake, kivurugaji kisichopimwa kingehitaji kuhusiana na chandarua na malaria kwa uwiano wa 3.41 kila upande ili kuifuta kabisa athari tuliyoipata. Kwa ncha ya masafa iliyo karibu na 1, yaani 0.80, thamani ni kama 1.8 tu. Toa zote mbili.

Programu gani itumike, na mitego yake ni ipi?

Epi Info ni ya bure na inatosha kwa ofisi ya wilaya: kwenye jedwali la mbili kwa mbili kuna nafasi ya kuweka kigeu cha kugawa matabaka, nayo hutoa uwiano ghafi na uliorekebishwa pamoja. Kwenye Stata, amri ya cs yenye by() hufanya kazi hiyo kwa tafiti za ufuatiliaji, na cc kwa wagonjwa na walinganishi.

Kwenye R, mantelhaen.test hutoa uwiano wa odi, si wa hatari, na huweka marekebisho ya 0.5 bila kuulizwa; kuyaondoa andika correct=FALSE. Ukitaka uwiano wa hatari tumia epi.2by2 ya kifurushi cha epiR. Hiyo inatarajia wenye kihatarishi wawe safu mlalo ya kwanza na wagonjwa safu wima ya kwanza. Ukiwa umeandika 0 na 1, R huitanguliza 0, na jibu hutoka limepinduka. Ingiza namba za mfano wa chandarua hapo juu: usipopata 1.17 ghafi na 0.5 iliyorekebishwa, panga upya safu zako kabla hujagusa takwimu halisi.

Kwenye ripoti niandike nini?

Uwiano ghafi na uliorekebishwa ukae bega kwa bega, kila mmoja na masafa yake. Weka idadi ya wagonjwa na watu katika kila tabaka, hata kama ni kwenye kiambatisho. Taja vivurugaji ulivyopanga tangu mwanzo, vile ulivyoongeza baadaye na sababu, na vile ulivyokosa kupima. Taja mipaka ya makundi ya umri. Sema ni watu wangapi walitolewa kwa sababu jibu moja lilikosekana, kwa kuwa programu nyingi huwatoa kimya kimya, na uwiano ghafi ukiwa wa watu 1,000 na uliorekebishwa wa watu 760, mabadiliko utakayoyaona huenda yametokana na wale 240 waliotoka. Hesabu uwiano ghafi upya kwa wale 760 kabla ya kulinganisha.